Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara na Msajili wa Alama: Tuandikieni madaraja kwa bidhaa zetu

Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Ndugu Msajili wa Alama za Biashara na Huduma, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA),

YAH: ORODHA YA BIDHAA NA HUDUMA KWA KISWAHILI, NA OMBI MOJA KWA MADARAJA MENGI

Salamu kutoka Dodoma. Nina steshenari. Natoa nakala, nachapa barua, na kwa miaka kadhaa sasa nawasaidia wajasiriamali kujaza maombi ya mtandaoni, kuanzia TIN hadi usajili wa majina ya biashara na alama, yaani neno au nembo inayotambulisha bidhaa ya mtu. Wanaokuja kwangu ni akina mama wa vikundi, vijana waliotoka mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wazee wenye mashamba ya zabibu Mpunguzi na Hombolo. Mtu anafika na namba yake ya NIDA, nembo aliyochorewa na kijana wa mtaani, na pesa aliyoichanga kidogo kidogo. Tunaanza vizuri. Kisha tunafika kwenye swali la daraja la bidhaa, na hapo mazungumzo yanakwama.

Nawaandikia kwa ajili ya swali hilo moja, kwa sababu nimeona kwamba jibu lake ndilo linaloamua kama cheti atakachopewa mtu huyu kitamlinda au kitabaki pambo ukutani.

Kwa wasomaji wengine wa barua hii nieleze kwa ufupi. Bidhaa na huduma zote duniani zimepangwa katika madaraja 45, kwa mujibu wa Mkataba wa Nice wa mwaka 1957 unaosimamiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, kule Geneva. Daraja la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Mtu akisajili alama, hasajili neno liwe mali yake popote litakapotamkwa. Anasajili neno au mchoro kwa bidhaa au huduma alizozitaja kwenye ombi.

Wengi wetu tuliumia mwaka 2018 iliposambaa habari kwamba kampuni ya Disney imesajili maneno “Hakuna Matata” huko Marekani. Ombi lile lilipelekwa mwaka 1994 na usajili ukatoka mwaka 2003. Uchungu wa Waswahili juu ya jambo lile naujua, na mimi ninao. Lakini ukiufungua usajili wenyewe unakuta ni wa daraja la 25, kwa fulana. Haukutaja hoteli, wala safari za watalii, wala chakula. Kampuni kubwa kiasi kile, yenye mawakili wa kila namna, ililazimika kusema inataka ulinzi kwa bidhaa gani. Mama wa Hombolo naye analazimika kusema. Tofauti ni kwamba yeye hana wakili, na orodha anayotakiwa kuchagua ndani yake imeandikwa kwa lugha asiyoitumia sokoni wala jikoni kwake.

Chukueni zabibu, zao linaloutambulisha mkoa wetu. Zabibu mbichi iliyotoka shambani iko daraja la 31. Ikikaushwa inahamia la 29. Ikikamuliwa juisi, la 32. Ikiwa mvinyo, la 33. Ukitengeneza siki, umeingia la 30. Mkulima ni huyohuyo, shamba ni hilohilo, nembo kwenye chupa na kwenye pakiti ni ileile, na madaraja ni matano. Upande wa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, kila daraja linataka ombi lake, lenye ada yake, tangazo lake, siku zake 60 za kusubiri pingamizi na cheti chake. Miaka saba ya kwanza ikiisha, kila cheti kinahuishwa kivyake, na baada ya hapo kila miaka kumi.

Mkulima huyo akishaelezwa hivi, anafanya nini? Ninavyoona mimi mezani kwangu, anachagua daraja moja, lile analodhani ndilo la bidhaa inayomtoa zaidi leo, na mengine anayaacha “mpaka mambo yakae sawa”. Juisi inasajiliwa, mvinyo haulindwi. Mwaka unaofuata mvinyo ndio unaoanza kutoka.

Upande wa pili wa Muungano mambo yako tofauti. Zanzibar, chini ya Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2008, ombi moja linaweza kubeba madaraja zaidi ya moja. Mfanyabiashara wa Unguja anaandika sabuni yake ya mwani kwenye daraja la 3 na mwani wa kuliwa kwenye daraja la chakula, kwa fomu moja. Mwenzake wa Bagamoyo mwenye bidhaa hizohizo anaandika maombi mawili. Sioni sababu ya tofauti hii kuendelea.

Ombi langu la kwanza, Mheshimiwa Waziri, ni hilo: sheria na kanuni zirekebishwe ili Tanzania Bara nayo ipokee ombi moja lenye madaraja mengi. Sisemi madaraja ya nyongeza yawe bure. Kila daraja lina kazi yake ya uchunguzi na mtu alipie kazi hiyo. Lakini daraja la pili na la tatu yawe na ada pungufu, tangazo liwe moja, na cheti kiwe kimoja chenye tarehe moja ya kuhuisha. Mzee wa miaka sitini na tano asiyejua mtandao hawezi kufuatilia tarehe tano za alama ileile.

Lakini hata ombi moja halitatusaidia kama mtu hajui aandike nini ndani yake, na hapa ndipo pana shida kubwa zaidi.

Nitawaelezea kisa cha mama mmoja anayetengeneza ubuyu. Anauza ubuyu wa rangi kwenye pakiti ndogo, ule uliopikwa na sukari, iliki na rangi, ambao watoto wanaumumunya wakitoka shule. Anauza pia unga wa ubuyu wa kutengenezea juisi, na mafuta ya mbegu za ubuyu ya kupaka ngozi. Kabla hajanifahamu alimlipa mtu amjazie ombi la alama. Mtu yule aliona ubuyu ni tunda, akaandika daraja la 31, matunda mabichi. Ombi likapita, cheti kikatoka, mama akakiweka kwenye fremu. Daraja la 31 ni la mazao ambayo hayajasindikwa, na mama yule hajawahi kuuza buyu bichi hata moja.

Aligundua tatizo pale zilipoingia sokoni pakiti za mtu mwingine zenye jina linalokaribiana mno na lake, herufi moja tu imebadilishwa. Tulikwenda naye kwa wakili. Swali la kwanza la wakili lilikuwa, “Cheti ni cha bidhaa gani?” Akakisoma, akanyamaza kidogo, kisha akatueleza kwa upole kwamba hoja ipo, kwa sababu bidhaa za madaraja tofauti zinaweza kuhesabika kuwa zinafanana, ila ni hoja ya kubishaniwa na gharama yake itazidi mtaji wa mama. Akashauri apeleke ombi jipya kwenye daraja sahihi. Ombi jipya lina tarehe mpya. Maana bidhaa haziongezwi kwenye ombi lililokwisha kupokelewa. Unaweza kuzipunguza, kuzipanua huwezi. Miaka ambayo mama aliamini amelindwa ikawa haihesabiki kwa kile anachokiuza.

Sasa daraja sahihi la ubuyu wa rangi ni lipi? Nawauliza kwa dhati. Matunda yaliyokaushwa, yaliyohifadhiwa na yaliyokolezwa sukari yako la 29. Peremende na vitu vitamu vya aina hiyo viko la 30. Ubuyu wa rangi ni tunda lililokolezwa sukari, na ni kitu kitamu cha kumumunya. Unga wa kutengenezea kinywaji unaelekea la 32, lakini mteja huyohuyo anaweza kuukoroga kwenye uji. Mafuta ya kupaka ni la 3, na mtu akiandika kwenye chupa kwamba yanatibu ugonjwa wa ngozi ameshahamia la 5, kwenye dawa. Mimi nimejaza maombi mengi na bado kwenye ubuyu nasita. Mtu anayefika kwenye ukurasa ule kwa mara ya kwanza atajuaje?

Mashine ya kusaga ni mfano mwingine ninaokutana nao sana. Mwenye mashine anasagia wateja mahindi yao kwa debe. Hiyo ni huduma ya kusindika mali ya mtu mwingine, daraja la 40. Jioni anasaga mahindi aliyonunua mwenyewe, anafunga sembe kwenye mifuko ya kilo tano na kilo ishirini na tano yenye jina lake. Hiyo ni bidhaa, la 30. Pumba zinazobaki anawauzia wafugaji. Chakula cha mifugo, la 31. Yote yanatoka kwenye jengo moja lenye bango moja barabarani. Nimeona watu wa kazi hii wakisajili daraja la 7 kwa sababu ndilo lenye neno “mashine”. Daraja la 7 ni la anayetengeneza na kuuza mashine.

Na wasusi wetu je? Mkeka uko la 27. Kikapu cha matumizi ya nyumbani kiko la 21. Mkoba wa ukili wa kuning’iniza begani uko la 18. Ukili ni uleule na mikono ni ileile. Khanga ikihesabiwa kuwa kitambaa inakwenda la 24, ikihesabiwa kuwa vazi inakwenda la 25, na kila mwanamke wa nchi hii anajua kwamba khanga ni vyote viwili kabla ya saa nne asubuhi.

Kuna mtego mwingine uko kwenye daraja la 35. Watu wanaona humo maneno ya biashara, matangazo na uuzaji wa rejareja, wanaona ndilo lao: “Mimi si ninauza?” Wanasajili la 35 peke yake. Kumbe huduma ya rejareja inayozungumzwa pale ni ya mwenye duka anayekusanya bidhaa mbalimbali mahali pamoja ili wateja wachague, kama duka la jumla au duka la mtandaoni. Anayetengeneza sabuni na kuiuza mwenyewe hatoi huduma hiyo kwa mtu mwingine. Anauza bidhaa yake, na ulinzi wake unatakiwa uanzie kwenye sabuni, daraja la 3.

Wengine wananakili kichwa cha habari cha daraja kama kilivyo, wakidhani kimebeba kila kilichomo. Uingereza jambo hili lilifika mbali. Taasisi ya mawakili wa hataza (haki za uvumbuzi) ya nchi hiyo iliomba kusajili jina “IP TRANSLATOR”, yaani “mtafsiri wa miliki bunifu”, kwa maneno ya kichwa cha daraja la 41, yaani elimu, mafunzo, burudani, michezo na utamaduni. Huduma ya tafsiri iko ndani ya daraja hilo, lakini kichwa hakiitaji. Shauri lilipelekwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 19 Juni 2012 ikaamua kwamba mwombaji anatakiwa ataje bidhaa na huduma kwa uwazi na usahihi wa kutosha, ili ofisi ya usajili na washindani wake wajue mipaka ya haki yake kwa kusoma tu maelezo hayo. Uamuzi ule haututawali sisi. Hoja yake lakini ni ya maana popote: maelezo ya bidhaa ndiyo mpaka wa shamba, na mpaka usiosomeka unazaa kesi.

Najua baadhi ya washauri wanawaambia wenye uwezo wasajili madaraja yote wanayoweza kulipia, na ndani ya kila daraja waandike kila kitu. Sikubaliani nao. Sheria yetu inaruhusu alama iondolewe kwa bidhaa ambazo haijatumika kwa miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo pesa hiyo inaweza kupotea. Na anayeshika majina ambayo hayatumii anawafungia njia wadogo walio nyuma yake. Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya kampuni ya Sky dhidi ya SkyKick, ilikubali kwamba kusajili orodha pana ya bidhaa bila nia ya kweli ya kuzitumia kunaweza kuwa kukosa nia njema. Sky, kampuni ya televisheni, ilikuwa imeorodhesha hadi dawa za kung’arishia nguo na mijeledi. Mimi nawashauri watu wangu waandike wanachokiuza leo, na kile walichokwisha kukiandalia mipango ya kweli, basi.

Ndugu Msajili, ombi la pili ni kwenu. Tuandalieni orodha rasmi ya Kiswahili ya bidhaa na huduma zetu, kila moja ikiwa na daraja lake mbele, na muitangaze kwamba mwombaji akichagua jina la bidhaa kutoka humo, daraja lake limekubaliwa na ofisi haitalihoji. Ianze na vitu tunavyovitengeneza na kuviuza: ubuyu wa rangi, dagaa wa kukaanga, siagi ya karanga, unga wa lishe, unga wa mlonge, achari ya embe, mafuta ya alizeti, mkaa mbadala, majiko banifu, batiki, sandali za ngozi, mafuta ya mgando. Kwenye huduma iwataje mama lishe, usafiri wa bodaboda, ususi wa nywele, ushonaji wa nguo za oda, kupamba kumbi za harusi. Mlonge peke yake unastahili mistari mitatu, kwa sababu majani ya chai, unga wa chakula na vidonge vya lishe haviko daraja moja.

Mpangilio wa Nice ulitungwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na orodha ninayoitumia mimi kila siku ni ya Kiingereza. Nawafasiria watu mdomo kwa mdomo, mezani, huku foleni ya kutoa nakala ikinisubiri. Hii si njia ya kugawa haki. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Ikiwa hakimu anatakiwa amsikilize mwananchi kwa lugha hiyo, orodha ambayo mwananchi anachagulia mipaka ya mali yake nayo inastahili kuwa kwa lugha hiyo. BAKITA, baraza la Kiswahili, ipo; SIDO inawajua watengenezaji kwa majina; TBS, shirika la viwango, inazipima bidhaa zenyewe. Kaeni pamoja nao, na wenzenu wa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, ili mwani usiwe na daraja moja Jambiani na jingine Tanga.

Orodha hiyo isiandikwe mara moja ikaachwa. Madaraja yanabadilika. Toleo la 13 la mpangilio wa Nice, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, limehamisha miwani kutoka daraja la 9 kwenda la 10, na mafuta ya kunukia yaliyokuwa yakiwekwa la 3 sasa yanapangwa kwa kuangalia matumizi yake. Mkamuaji wa mafuta ya karafuu, ambaye mteja wake mmoja anayataka kwa vipodozi, mwingine kwa tiba na mwingine kwa kukolezea chakula, anatakiwa aambiwe jambo hili na ninyi, kwa lugha yake, kabla hajalipa.

Na kwa kuwa Tanzania ni mwanachama, tuna haki ya kupeleka mapendekezo kwenye Kamati ya Wataalamu inayokutana Geneva. Kimono, sari na poncho zimo kwenye orodha ya dunia kwa majina yake. Sushi na kimchi zimo. Nchi zenye vitu hivyo hazikulazimika kuviita “vazi la kienyeji” au “chakula cha asili”. Pelekeni khanga, pelekeni kikoi, pelekeni ubuyu. Mjumbe wetu akikaa pale na pendekezo lililoandikwa vizuri, na picha na maelezo ya matumizi, sioni kwa nini asisikilizwe.

Wakati hayo yakiandaliwa, kuna mambo mawili yanayoweza kuanza mapema bila kusubiri Bunge. La kwanza, mwombaji apate nafasi ya kumuuliza ofisa kuhusu daraja na kupata jibu la maandishi kabla ya kutengenezewa namba ya malipo. Kwenye mabanda yenu ya Sabasaba na Nanenane iwepo meza ya madaraja tu, mtu aje na pakiti yake mkononi, aiweke mezani, aambiwe. La pili, wale ambao tayari wana vyeti vya madaraja yasiyo yao, kama mama wa ubuyu, wapewe kipindi maalumu cha kupeleka ombi kwenye daraja sahihi kwa ada pungufu. Tarehe ya zamani hawawezi kurudishiwa, naelewa, kwa sababu huenda mtu mwingine ameshaingia katikati kwa haki. Ada wanaweza kupunguziwa.

Mama yule amenikubalia niandike kisa chake bila jina. Ombi lake jipya tumelipeleka, na kwa ubuyu wa rangi tuliandika daraja la 30. Kama mnaona ni la 29, naomba tuambiwe sasa, wakati bado linarekebishika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari, Dodoma Mjini

Nakala: Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA); SIDO; BAKITA